Ambulensi ya Kona ya Pili

Bogna alisema atanipa jibu Jumamosi, baada ya mbio.

Swali lenyewe nilimuuliza Jumapili iliyotangulia, jikoni kwangu, mikono yangu imejaa maganda ya viazi. Mimi sijui kuchagua saa nzuri ya mambo. Nilimwambia, "Hamia hapa. Tukaandikishe ndoa mwezi wa tisa, kabla baridi haijaingia." Akaacha kumenya. Akanitazama kwa yale macho yake ya kijivu, macho ambayo yakikutulia unaanza kujikagua kama umefunga vifungo vyote vya shati.

"Kuna kitu lazima nikwambie kwanza, Walek."

"Niambie sasa."

"Siyo leo. Leo umefurahi."

Sikumbana. Nilidhani ni habari ya binti yangu Sabina, ambaye toka aliposikia kuna mwanamke anakuja kwangu alikuwa ananipigia simu kwa sauti ya mtu anayedai kodi. Nikamwambia Bogna, "Sabina atazoea." Yeye akanifuta udongo uliokuwa umeganda nyuma ya sikio langu, kama alivyozoea, polepole, kwa kidole gumba alichokilowesha, akasema, "Mtu mwenye miaka hamsini na nane, masikio ya mtoto wa chekechea." Nikacheka. Nilikuwa sijacheka ndani ya jiko lile kwa muda mrefu.

Udongo huo ni wa kazini. Mimi ni dereva wa trekta katika uwanja wa pikipiki wa Warciny, mwaka wa ishirini na sita huu. Pikipiki zenyewe hazina breki. Wanatoka vijana wanne kwa mara moja, wanazunguka mara nne, na hiyo ndiyo raundi moja, kila kona wanalala upande wa kushoto na kuufukuza udongo mpaka kwenye uzio. Kila zikipita raundi nne mimi natoka na reki yangu ya chuma na kuurudisha ndani. Wao wanaufukuza, mimi naurudisha. Darasa la saba nililoishia linatosha kwa kazi hiyo.

Na ni ndani ya uwanja huohuo mke wangu Ula alifariki, jukwaa D, mchana wa jua kali, miaka mitatu iliyopita.

Ula alikuwa hakosi mbio. Alikuwa na kiti chake, mfuko wake wa mbegu za alizeti, na penseli ya kujazia ratiba: nani wa kwanza, nani wa pili, nani kaanguka. Ratiba ya siku ile ninayo. Imejazwa vizuri mpaka raundi ya kumi na mbili. Moyo ulimshika pale mapumzikoni, mimi nikiwa kwenye trekta. Ambulensi zilikuwepo mbili, moja kona ya pili, karibu kabisa na jukwaa D, inawaka taa. Haikusogea. Sheria ya mchezo inataka ambulensi mbili uwanjani. Ikiondoka moja, mbio zinasimama mpaka irudi, na siku ile televisheni ilikuwa inarusha moja kwa moja. Wakubwa wakaamua kuita gari la mjini. Gari la mjini likafika baada ya dakika ishirini na mbili. Ndiyo hesabu yake yote, hakuna nyingine.

Wakubwa walileta shada la maua lenye utepe wa rangi za klabu. Nililipeleka jalalani.

Bogna nilikutana naye makaburini, mwaka mmoja na nusu baadaye. Nilikuwa nakuta mshumaa wa kioo umewashwa kwa Ula kila wiki na sijui nani anawasha. Siku moja nikamkuta mwenyewe, ameinama, ana koti la buluu. Akastuka. Akasema amekuja kwa shangazi yake aliyezikwa kaburi la pili, na mshumaa mmoja umebaki, akaona amwashie jirani. Nilikuwa nimekalia ndoo, nimechoka kupalilia. Nikampa nusu ya mkate wangu wa jibini. Akaula wote, mpaka makombo ya kwenye kiganja. Toka siku ile sikuwa tena mtu wa kurudi nyumbani nikawasha redio ili nisikie sauti ya mtu.

Alinieleza kwamba ni muuguzi, anafanya zamu kwenye ambulensi za kampuni moja ya mji wa pili. Sikuuliza zamu zipi.

*

Jumamosi ile haikuwa mbio ya klabu na klabu. Ilikuwa mbio ya kimataifa, ya kwanza Warciny. Wadenmaki, Waswidi, Waingereza, Waaustralia, na Wapolandi wetu watatu. Mji mzima ulinuka spiriti na mafuta ya nyonyo yaliyoungua. Mkurugenzi wa mashindano, Bwana Olech, alikuwa amevaa suti nyeupe kama bwana harusi, anapita kwenye majani anawaambia watu kwa simu ya upepo, "Tupo hewani nchi kumi na nne. Nchi kumi na nne, sikieni." Kama ni yeye aliyezizaa.

Saa kumi jioni nilikuwa bandani, napaka grisi, jua bado liko juu. Sabina akaingia. Binti yangu ana miaka thelathini na moja, ana kidevu cha mama yake, na akikasirika kinatangulia.

"Baba, hii barua uliisoma?"

Alikuwa ameshika ile barua ya uchunguzi. Kurasa saba, muhuri chini. Ilikuja miezi sita baada ya mazishi.

"Niliisoma."

"Yote?"

"Ya kutosha. Niliishia pale waliposema hakuna mwenye kosa. Sasa mtu ukishaambiwa hakuna mwenye kosa, unaendelea kusoma nini?"

"Huo ulikuwa ukurasa wa pili."

"Umeitoa wapi?"

"Kwenye droo ya mama. Nilikwenda kuchukua vitambaa vyake vya meza kabla huyo mwanamke wako hajavifanya vya kufutia sufuria."

"Sabina."

"Sikiliza ukurasa wa tano halafu unigombeze." Akasoma, na sauti yake ikawa ya shule, kavu, kama siku zile alipokuwa ananisomea bili. "'Muuguzi aliyekuwa zamu kwenye ambulensi namba mbili, kona ya pili, Bogna Ratajczak, alieleza kwamba aliomba ruhusa mara mbili kwenda jukwaa D, na mara zote mbili alijibiwa abaki mahali pake. Alibaki.'"

Niliendelea kupaka grisi. Mkono wenyewe ulikuwa unaendelea tu.

"Akina Bogna wako wengi," nikasema.

"Na Ratajczak?"

"Ratajczak wamejaa huku kama viazi."

"Baba."

"Nini?"

"Nimempita hapo nje sasa hivi. Yuko zamu. Kona ya pili, gari lilelile." Akaikunja barua na kunitilia mfukoni mwa ovaroli, taratibu, kama anavyomvalisha mwanawe. "Mimi nilikuwa simtaki kwa sababu ya wivu, nakiri. Nilitaka nikute ana deni au ana mume. Hili sikulitaka."

*

Wapanda pikipiki walikuwa wanakagua njia. Wanatembea wawili wawili, wanachimba udongo kwa visigino, wanatema mate, wanalalamika kwamba ndani ni laini na nje ni ngumu. Wanalalamika kila mara. Nilipita katikati yao bila kumwona yeyote.

Bogna alikuwa amekaa kwenye ngazi ya nyuma ya ambulensi, suti ya rangi ya chungwa, nywele amezifunga kwa kitambaa nilichomnunulia mimi. Aliponiona alisimama. Halafu akaona uso wangu, akakaa tena.

"Shangazi yako anaitwa nani?" nikamuuliza.

"Shangazi gani?"

"Yule wa makaburini. Wa kaburi la pili."

Akaitazama mikono yake. Mikono ile naijua, naijua mpaka kovu la kisu kwenye kidole cha shahada.

"Sina shangazi Warciny, Walek."

Dereva wake, jamaa mmoja mnene, akashuka taratibu kutoka mbele na kwenda kuvuta sigara mbali.

"Nilikuwa nikuambie leo," akasema. "Nilichukua zamu hii makusudi. Toka siku ile sijawahi kukanyaga humu. Nikasema nitakaa palepale nilipokuwa nimekaa, halafu nitamwambia. Nisimwambie kwenye jiko lake nikiwa nakula chakula chake."

"Umekula miezi kumi na minane."

"Ndiyo."

"Mlango wa gari ulikuwa na kufuli siku ile?"

"Haukuwa na kufuli."

"Mafuta yaliisha?"

"Yalikuwemo."

"Basi kulikuwa na nini? Nieleze, mimi sikusoma sana. Kati ya hapa na pale kuna nini?" Nikamwonyesha jukwaa D. Unaweza kumwona mtu akitafuna.

"Kulikuwa na sauti ya Olech kwenye simu ya upepo."

"Sauti tu?"

"Sauti tu. Niliomba mara mbili. Mara ya pili akaniambia, 'Mama, ukitoka hapo nakufuta kazi na kampuni yako naifuta, na kijana akivunjika shingo raundi ijayo utaenda kumweleza mama yake.' Nikamwangalia dereva, dereva akaniangalia. Nikavua glovu. Hilo ndilo naliota, Walek. Simwoti yeye, sikumwona sura. Naota navua glovu."

Nilitaka kumpiga kofi na nilitaka kumshika kichwa. Sikufanya lolote kati ya hayo. Nikasema, "Ulinidanganya kwenye kaburi lake."

"Nilikuja kumwomba radhi yeye. Nikakukuta wewe umekalia ndoo. Ukanipa mkate. Ningesema nini?"

"Ungesema ukweli."

"Ungenipa ule mkate?"

"Nisingekupa."

"Ndiyo hivyo." Sauti yake ikashuka. "Niliutaka ule mkate."

Jua lilikuwa linampiga usoni na hakulikinga. Nilimwona mistari yote ya pembeni ya macho, ile niliyokuwa nimeanza kuihesabu kuwa yangu. Mungu anisamehe, hata pale nilimwona mzuri.

"Ulimwacha afe kama kuku," nikasema.

Hapo akainua kichwa. "Na wewe?"

"Mimi nini?"

"Ulikuwa kwenye trekta. Nilikuona. Simu ya upepo ni moja kwa wote humu. Ulisikia nini?"

Nikafuta grisi kwenye kidole.

"Walek. Ulisikia nini?"

"Kwamba kuna shabiki ameanguka D. Na kwamba niendelee kusawazisha, tupo hewani."

"Ukafanya nini?"

"Sikujua kama ni yeye."

"Na mimi sikujua."

"Ningejua ningeshuka."

"Ungeshuka kwa sababu ni wako. Na kama hakuwa wako? Ungezunguka." Hakusema kwa ukali. Laiti angesema kwa ukali. "Sikuambii ili nikuumize. Nakuambia kwa sababu ni sisi wawili tu duniani tunaojua lile trekta lilizunguka mara ngapi. Mimi nilihesabu. Sikuwa na kazi nyingine."

"Nyamaza."

"Mara nne."

"Nyamaza, Bogna."

Spika za uwanjani zikaanza kutangaza majina ya wapanda pikipiki, na majukwaa yakaanza kujaa skafu na bendera. Dereva mnene alikuwa amemaliza sigara, ameanza nyingine. Bogna akasimama, akanyoosha mkono kuelekea nyuma ya sikio langu, halafu akakumbuka, akaurudisha.

"Swali lako la Jumapili," akasema. "Jibu langu ni ndiyo. Lilikuwa ndiyo toka hujauliza. Likikufaa, shuka kwenye hilo trekta lako uje ulichukue, popote nitakapokuwa leo. Usipokuja nitaelewa, na sitakusumbua, na makaburini nitakwenda siku ambazo wewe huendi."

Nikaondoka. Nikarudi bandani.

*

Watu elfu kumi na sita wakinyamaza kwa pamoja ni jambo la kutisha, na huwa wananyamaza kila raundi, sekunde mbili tatu kabla utepe wa kuanzia mbio haujaruka. Halafu injini nne zinapiga kelele na meno yako yanatetemeka. Nilikuwa bandani, sitazami. Nilikuwa nasikia tu. Ukishazoea unajua kwa sikio nani kaachwa.

Baada ya raundi ya nne nilitoka, nikasawazisha. Baada ya ya nane pia. Kila nikipita kona ya pili nilitazama mbele kama farasi aliyefungwa vifuniko vya macho. Lakini naeleza ukweli humu: mara ya pili nilipunguza mwendo. Nilikuwa nimeanza kujisemea moyoni. Nilikuwa nasema, wewe mzee mpumbavu, yeye aliogopa na wewe uliogopa, waoga wawili wanaweza kuchemsha viazi kwenye sufuria moja. Hakuweza. Kuna watu hawawezi. Aliyekosa ni yule aliyevaa suti nyeupe, na huyo anakunywa mvinyo juu kwenye chumba cha kioo. Nilikuwa nimebakiza kidogo sana. Mbio zikiisha, nikasema, nitashuka.

Raundi ya kumi na mbili ikaisha, kijana wa Denmaki akaishinda. Nikatoka na reki.

Nilikuwa kwenye kona ya pili nilipoona watu wa jukwaa D wamegeuka. Mtu wa majukwaani anatazama mbele, ndicho alichokijia. Ukiona migongo, kuna kitu. Siku ile ya Ula pia niliona migongo. Nilidhani wanagombana kuhusu viti.

Simu ya upepo ikakoroma. "Jukwaa D, mzee ameanguka, hapumui vizuri. Wahudumu wa jukwaani wanaomba ambulensi."

Na sauti ya Olech, tulivu, ya mtu aliyekaa. "Imeitwa ya mjini. Wote mbaki mahali penu. Namba moja, namba mbili, hakuna kuondoka. Tukisimama tunapoteza hewa."

Nilikanyaga klachi. Trekta likasimama hatua ishirini kutoka kwa ambulensi. Nilimwona Bogna. Alikuwa amesimama kwenye ngazi, simu mkononi, anatazama jukwaa.

"Namba mbili inakwenda D," akasema. Niliisikia sauti yake mara mbili, moja kwa hewa na moja kwa simu.

"Namba mbili, sikukupa ruhusa."

"Sikuiomba."

Akapiga ubavu wa gari mara mbili kwa kiganja. Yule dereva mnene, namheshimu mpaka leo, alikuwa ameshawasha. Wakakata mbele yangu, juu ya udongo niliotoka kuulainisha, wakapita lango dogo la uzio mpaka chini ya ngazi za D. Pua ya gari ilipopita mbele ya trekta langu, Bogna alikuwa dirishani. Alinitazama. Ilikuwa ni namna ileile ya jikoni. Hakukuwa na majivuno ndani yake. Alikuwa ananiomba nione.

Nikaona. Nilikuwa natazama saa pia, sijui kwa nini. Toka aliposema anakwenda mpaka alipopiga magoti pembeni ya yule mzee zilipita sekunde arobaini.

Sekunde arobaini. Nilikaa juu ya kiti cha chuma nikaigeuza hiyo namba kama mtu anayegeuza sarafu ngeni. Kumbe iliwezekana. Kufuli halikuwepo, uzio haukuwa mrefu, dunia haikuanguka. Mwanamke alisema sikuiomba, na ikawa. Maneno hayohayo yalikuwepo miaka mitatu iliyopita, hewani, ya bure, mtu yeyote angeweza kuyachukua.

Mwanamke aliyeshindwa ningeweza kuishi naye. Nilikuwa nimeshaanza kumtengea nafasi kitandani. Huyu aliweza. Na kama yeye aliweza, basi siku ile kulikuwa na watu wawili wanaoweza, mmoja kwenye ngazi ya gari na mmoja kwenye kiti cha trekta, na Ula alikuwa katikati yao anatazama juu.

Refa akawasha taa nyekundu. Mbio zimesimama. Watu wa majukwaa ya mbali, ambao hawakujua kitu, wakaanza kupiga miluzi, wakatupa maganda ya alizeti njiani. Yule mzee akashushwa kwenye machela, skafu ya klabu shingoni, mashine kifuani. Alipona. Sabina ndiye aliyeniletea habari wiki iliyofuata, na aliniambia pia kwamba Bogna alifukuzwa kazi Jumatatu asubuhi, kwa barua ya mistari mitatu. Olech bado yupo. Olech wapo siku zote.

Walimwingiza mzee garini. Bogna akapanda nyuma. Kabla hajafunga mlango alisimama pale, kushoto kwake njia ya hospitali, kulia kwake mimi. Akangoja. Nasema akangoja, kwa sababu nilimwona. Kitambaa nilichomnunulia kilikuwa kimelegea, nywele zimemwagika upande mmoja. Mkono wangu ulikuwa kwenye ufunguo. Kuzima injini ni kukigeuza kitu kidogo hivi. Halafu hatua mbili za kushuka, ishirini za kutembea, na kiti cha mbele cha ambulensi kilikuwa wazi.

Simu ikakoroma, sauti ya Olech.

"Walek, umelala? Funika hizo alama za magurudumu. Zunguka, watu wapate kitu cha kutazama."

Mkono wangu ulibaki kwenye ufunguo.

"Walek. Unanisikia?"

Mlango wa ambulensi ukafungwa. Mkono wake uliufunga taratibu kutoka ndani, bila kishindo, kama mtu anayetoka chumba cha aliyelala.

"Nakusikia," nikasema.

"Basi endelea."

Nikatia gia. Mzunguko wa kwanza nilizifuta alama za magurudumu yake. Wa pili, wa tatu na wa nne hapakuwa na kitu cha kufuta.